Siku Faki Alipolifungua Gitaa la Babu Yake

Enzi zetu kitu kikishatiwa skurubu kilikuwa kimefungwa. Mtoto hakuuliza ndani mna nini, na akiuliza alitupiwa jicho moja tu la pembeni, akajua njia ya kutokea, akaenda zake kucheza nage. Ndiyo maana mimi, mtu mzima wa miaka hamsini na ushei, niliyezaa nikasomesha, niliingiwa na hofu ya kitoto wiki iliyopita pale mwanangu Faki alipolilaza gitaa la besi la baba yangu kifudifudi juu ya meza ya kulia, akashika bisibisi. Nilimwambia alegeze mkono, asije akapasua mbao. Akacheka, akasema mama wewe una hofu za kale. Basi hofu za kale zilikuwa na haki yao, kwa sababu mpaka saa hii ninapoandika moyo wangu haujarudi mahali pake.

Wenzangu wa rika langu watanielewa nikisema kwamba sisi muziki tuliusikia kwa tumbo kabla ya masikio. Nyumba yetu pale Mkoani, Pemba, ilikuwa na chumba cha mbele ambacho baba, Mzee Kombo, alikigeuza kuwa karakana yake ya redio. Ukipita mlangoni unapokewa na harufu ya risasi ya kuchomelea, na msimu wa karafuu harufu hiyo inachanganyika na ya karafuu mbichi zilizoanikwa kwenye majamvi barazani kwa majirani, mpaka pua haijui ishike lipi. Kila redio ya mtaa ilipita mikononi mwake. Wengine walileta redio haina kitu, imeishiwa mawe tu, yaani betri, naye hakuwacheka, alitia mawe akawarudishia.

Baada ya alasiri karakana inafungwa na ua wa nyuma unafunguliwa. Wanakuja watu wa kikundi chao cha taarabu, huyu na fidla yake, yule na ngoma yake ya dumbaki, na Bwana Hamad mpiga kinanda, mwembamba, mpole, kofia yake haijawahi kukaa upande. Sisi watoto tumetoka chuoni kusoma Kurani, vidole bado vina wino, tunapanga mstari juu ya ukuta wa ua tukila ubuyu. Hakuna aliyetukaribisha na hakuna aliyetufukuza. Ukikohoa tu, unashushwa.

Baba alikuwa mpiga besi, na gitaa lake lilikuwa habari ya mji. Aliletewa na mjomba wake aliyekuwa baharia, na sifa yake kubwa ni kwamba lilikuwa na mtambo tumboni. Magitaa mengine yalikuwa mbao na nyuzi na waya wa kwenda kwenye spika, lakini la baba lilikula betri, ile ya mraba ya volti tisa. Mtambo ule mdogo uliinyanyua sauti kabla haijatoka, na usoni mwa gitaa palikuwa na swichi tatu za kuzungusha, moja ya sauti, moja ya besi, moja ya trebo. Swichi zile za besi na trebo ukizifikisha katikati zinakwama kidogo, hapo haziongezi wala hazipunguzi. Baba alituonyesha mara moja tu, mikono yetu ikiwa nyuma. Kabla ya kila wimbo alizigusa kwa vidole viwili, anaongeza chembe, anapunguza chembe, halafu anatazama chini kama anayesikiliza mgonjwa. Halafu linaunguruma, na vikombe vya mama kabatini vinaanza kugongana, na mama anatoka jikoni kuja kuvitenganisha.

Watoto wa siku hizi wana maspika yanayoimba bila ya waya, wanayapachika dirishani wakakukosesha usingizi wa mchana, lakini muulize mmoja besi ni ipi humo, atakwambia ni ile kelele. Wimbo mzima hausikilizwi. Sekunde kumi, kidole kimepita, wimbo mwengine. Sisi tulisubiri wimbo hata robo saa uanze kuimbwa, na hatukufa.

Mama yangu, Bi Time, ni mtu wa kisiwa cha Makoongwe. Kazi yake ilikuwa kushona kofia, zile za mkono, kitundu kwa kitundu, na mpaka leo macho yamefifia lakini sindano haijamtoka. Kila mshonaji ana namna yake ya kumalizia uzi. Yeye aliuzungusha mara kadhaa, akaupitisha chini, akaukaza kwa meno, kikatoka kifundo kidogo kigumu ambacho hukifungui isipokuwa kwa kukikata. Tulipokuwa wadogo alitufungia vifungo vya skuli kwa kifundo hicho, na mashati yakichanika vifungo vilibaki.

Jambo moja mama hakulipenda kulitaja, nalo ni la baba yake. Babu yangu huyo alipanda chombo kwenda Arabuni kutafuta maisha, mama akiwa hajaanza kutembea, na hakurudi. Hakufa, maana salamu zilikuwa zikifika. Hakurudi tu. Bibi yetu wa Makoongwe alimsubiri mpaka akaingia kaburini, na mama alilelewa katika nyumba ambamo kila siku mtu mmoja alitengewa chakula na hakuja kukila.

Sasa nakuja kwenye Ijumaa ile. Alitokea mgeni kutoka Maskati, mtu wa asili ya kuno kuno kwetu, anatafuta wapigaji wa kwenda kupiga taarabu kule kwa mshahara. Alisikia habari za gitaa la baba, akapeleka salamu kwamba atakuja kumsikiliza Ijumaa baada ya alasiri. Nyumba ilipagawa. Sisi watoto tulikwisha gawana vitu ambavyo havijanunuliwa, kaka zangu wanapigania baiskeli, mimi nimechukua kopo la biskuti. Majirani walimwita baba Maskati, wakamwamkia kwa jina hilo. Baba alicheka tu, lakini jioni alikuwa akishika gitaa bila ya kulipiga. Mama alishona kofia. Sikumbuki neno lake hata moja wiki ile.

Ijumaa ikafika, mgeni akakaa kwenye kiti kizuri, kahawa na halua mbele yake. Baba akachomeka waya, akazungusha swichi. Kimya. Akagonga uzi. Kimya. Akaomba radhi, akaingia nalo karakanani akafunga mlango, na alipotoka alisema ametia betri mpya. Akajaribu tena mbele ya watu wote, gitaa kama gogo. Mgeni alikuwa mtu wa adabu, alisema hizi ni bahati, akasikiliza wengine. Alivyoondoka Pemba aliondoka na Bwana Hamad na kinanda chake.

Haya, kwengine duniani gitaa likizima watu wangelifungua wakatazama. Siye kwetu hakuna aliyelifikiria hilo hata kidogo. Kabla jua halijazama ilikwisha julikana kwamba ni jicho, na jicho lenyewe limetoka kwa kikundi cha upande wa pili wa mji, waliokuwa wakituonea wivu tangu baharia alete lile gitaa. Akaitwa maalim, pakafukizwa ubani, pakasomwa, pakaandikwa kombe, aya za kuoshwa na kunywewa, kwa zafarani kwenye sahani. Kombe lile hakunywa mtu. Lilipakwa gitaa, kwenye nyuzi na kwenye swichi, na baada ya wiki nyuzi zikaanza kuota kutu. Watoto wa upande wa pili tukawatungia nyimbo za mafumbo, tukiwaimbia njiani kwenda skuli. Baba aliacha watu wasome, akaitikia dua zote, akamkirimu maalim. Halafu akalivika gitaa mfuko ulioshonwa na mama, akalitundika chumbani juu ya kitanda, na yeye kwenye kikundi akahamia dumbaki. Mtu aliyetengeneza redio za mji mzima alikubali gitaa lake limekufa kwa jicho, na hakuna aliyeshangaa, hata sisi wanawe.

Kutoka Maskati Bwana Hamad alileta kanda, akaleta sanduku la nguo, akaleta picha amesimama karibu na gari. Baadaye vitu vikapungua, halafu vikakoma. Wanawe tulikuwa nao skuli moja. Siku meli ikija walikuwa wanakwenda gatini na viatu vya Idi, na walikwenda hivyo mpaka viatu vikawabana.

Miaka ikapita na sisi tukawa watu wazima. Wazee wangu wamekuwa wazee wa kweli sasa, nakaa nao mimi katika nyumba ile ile, na mwanangu Faki amerithi vidole vya babu yake. Anapiga besi kwenye maharusi, na juzi amepata nafasi ya kwenda kupiga hotelini Dubai. Akamwomba babu yake gitaa. Baba hakumwacha hata amalize, akamwambia katundue. Faki akalisafisha akasema mbao zake hazipatikani tena, lakini mtambo wa ndani umepitwa na wakati, akaagiza mwengine kwa simu. Priampu, ndivyo wanavyouita. Kidude chenyewe kinaenea kiganjani, kina swichi za besi, za kati na za trebo, na kila moja unaweza kuiongeza au kuipunguza peke yake. Alinieleza kwa kirefu. Kwa maelezo yake, sauti ya zamani ilikuwa tope na hii itakuwa kioo. Nikamwambia hilo tope ndilo lililomlea mama yako.

Basi ndiyo siku hiyo ya wiki iliyopita. Baba yuko kwenye kiti chake cha uvivu, mama yuko mkekani na kofia yake mapajani, mimi nimesimama juu ya kichwa cha Faki namsumbua. Skurubu zilitoka kwa shida, nyekundu kwa kutu. Akanyanyua kifuniko. Ndani mlikuwa na betri imevimba, imetokwa na unga mweupe, na mtambo mdogo wa kijani, na waya. Akainama akatazama, akawasha taa ya simu akatazama tena.

"Babu," akasema, "huu waya wa betri haukuoza. Huu umekatwa."

Nikainama na mimi. Ulikuwa umekatwa sawasawa, kwa mkasi. Na ncha zote mbili zilikuwa zimeviringwa uzi mweupe wa kofia, zikafungwa vizuri zisigusane, na kila moja imemaliziwa kwa kifundo kidogo kigumu. La haula. Kile kifundo nimekwenda nacho skuli kifuani miaka yote, ningekijua hata gizani. Sikuthubutu kumtazama mama. Nilichokiona kwa pembe ya jicho ni kwamba sindano yake imesimama.

Nilifanya haraka ambayo hata sasa naicheka. Baba yangu ana umri wa kuitwa na Mola wake wakati wowote, nami nikafikiri, huyu mzee atakwenda kaburini leo hii akijua kwamba safari ya maisha yake ilikatwa na mkewe kwa mkasi. Nikamwambia Faki waya wa kale hukatika wenyewe, funga hicho kifuniko upesi, nenda kanunue gitaa jengine. Faki, mtoto wa siku hizi, kichwa kigumu, akanijibu kwamba waya unaweza kukatika wenyewe lakini haujifungi uzi wenyewe. Nikamfinya. Akapiga kelele.

"Mwache afanye kazi yake," akasema baba kutoka kitini. "Uzi huo mie nshauona zamani."

Mama akauliza, taratibu, "Umeuona lini?"

"Ijumaa ile ile. Kwani betri nlitia vipi?"

Jamani. Nilikaa kitako chini bila ya kutazama kama pana kiti. Mtu ametoka karakanani mbele ya mji mzima akasema ametia betri mpya, na betri inakaa ndani ya kile kifuniko, ubavuni mwa ule waya, na katika wote sisi, maalim, wanakikundi, majirani, kaka zangu wenye vyeti, hakuna hata mmoja aliyejiuliza. Akili zetu zote zilikuwa kwenye jicho la watu wa upande wa pili.

Nilidhani mama atalia. Hakulia. Aliivua miwani, akamwita baba kwa jina lake, Kombo, hivi hivi, na mimi tangu nizaliwe sijapata kumsikia akilitaja. Siku zote ni Baba Mize, kwa jina langu mimi.

"Kombo. Nnafunga Jumatatu na Alhamisi tangu mwaka ule, namwomba Mungu anisamehe kwa nlichokufanyia. Na wewe unajua, na umekaa unantazama."

"Sikukutazama," akasema baba. "Nnafunga nawe."

Na kweli. Sisi sote tulijua wazee wetu wanafunga Jumatatu na Alhamisi, tukihesabu ni ucha Mungu, tukijisifia kwa watu. Daku walikula pamoja na magharibi walifungua pamoja kwa tende na kikombe kimoja cha maji, mmoja anatubia na mwengine anamsindikiza, na hawakuambiana.

Baba si msemaji, lakini siku ile alisema. Alisema alipofungua na kuuona waya alijua papo hapo mkono wa nani, na aliuma meno kwa hasira. Pasi yake ya kuchomelea ilikuwa pale pale mezani, kuunga waya ule kwake ilikuwa kazi ya mtu kumaliza kikombe cha chai, na mgeni yuko uani anasubiri. Akaishika pasi. Halafu akautazama ule uzi. Akajiambia, huyu mwanamke amekata ili nisiende, kisha ameogopa umeme usije ukanipiga nikitia mkono, akakaa akanifungia ncha zote mbili kwa uzi wake wa kazi. Akaona kule Maskati hakuna wa kumfanyia hivyo. Akafunga kifuniko.

"Watu walisema nmezuiwa," akamwambia mama. "Mie sikuzuiwa. Nlikaa."

Mama alinyanyuka akaenda jikoni. Tulisikia sufuria zinawekwa kwa nguvu kuliko inavyohitajika. Mimi nilimfuata nikidhani nitamkuta anafurahi, kumbe amekasirika kweli kweli, ananiambia mtu gani anakuacha ubebe mzigo uzeeke nao na yeye anajua kwamba debe halina kitu. Nikamwambia mama, hata wewe ulificha. Akaniambia nitoke. Chai ya baba jioni ile ilikuja haina sukari, akainywa yote akashukuru. Imekuwa hivyo tangu siku ile mpaka leo, chai haina sukari na baba anashukuru. Ila jana nimemkuta mama anamkata kucha za miguu barazani, amenuna, na baba amefumba macho.

Faki alimaliza kazi yake. Aliutoa mtambo wa zamani, akachomelea mpya, akaweka swichi zake mpya, na babu yake akalijaribu. Lazima niseme kweli, sauti ni safi, kila uzi unausikia ulipoanzia na ulipoishia. Faki akalipiga tena, wazee wawili wakasikiliza kila mmoja kwenye chumba chake. Zile ncha za uzi Faki alitaka kuzitupa pamoja na waya mbovu, nikamnyang'anya, nimeziweka kwenye kijisanduku cha hereni zangu na sijui nitazifanyia nini.

Tangu siku hiyo silali vizuri. Mshangao umenishika haushuki. Sisi tulisoma, tukaambiwa na kila mwenye mdomo kwamba ndoa ni kuzungumza, msifichane, kila mtu aseme lililo moyoni mwake. Na vijana wa sasa ndiyo wamezidi, mume na mke wako chumba kimoja wanatumiana ujumbe wa simu, wakikasirikana mji mzima umesoma kabla ya adhuhuri. Wazee wetu walinyamaza. Mmoja alikata, mmoja akaona akafunga kifuniko, na tukalelewa sisi watoto sita chini ya ukimya ule, tukishiba, baba akiwa nyumbani kila magharibi. Sisemi ilikuwa sawa. Mama yangu amelia machozi mengi kwenye mswala yasiyokuwa na sababu. Nasema tu kwamba mimi nilifanya kila tulichofundishwa.

Baba yake Faki alipopata safari yake ya Ulaya, ile aliyokwenda hakurudi, tulikaa kitako tukazungumza kama watu waliosoma. Akanieleza yote, nikamwambia sina kizuizi, maisha ni yako, nenda. Nilimpigia pasi mashati yake yote nikayakunja vizuri begini, nikamsindikiza mpaka gatini, Faki yuko mgongoni mwangu amelala. Mkasi ulikuwa kabatini, na wala haukunijia akilini.